Kamera Iliyobadilishwa na Beseni

Ulikuwa mwaka ule walipotoa vitambulisho vipya. Hapana, nasema vibaya. Mwaka wa vitambulisho mke wa Fundi alikuwa hai bado, na picha aliyopigwa siku hizo ndiyo hiyo iliyoko ukutani hadi leo, imekuzwa na kuwekewa kioo. Habari ya kamera ilikuja nyuma sana, miaka minne baada ya kumzika, mwaka ule barabara ya sokoni ilipochimbwa ikaachwa hivyo hivyo na mahandaki yake. Naam, ndio huo. Kinachonikumbusha ni kwamba Fundi alikuwa akirudi nyumbani na suruali imeshika vumbi hadi magotini, naye hakuwa mtu wa kuonekana na suruali chafu.

Alikuwa fundi cherehani, na jina lake la kuzaliwa lilikwisha kumezwa na kazi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha mbele, kina dirisha moja na mlango wa pande mbili. Cherehani ilitazama ukuta, na ukutani palitundikwa kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Mke wake aliketi nyuma yake kwenye kigoda, karibu na mlango apate mwanga, akishona matundu ya vifungo kwa mkono. Miaka ishirini na sita walifanya kazi hivyo, mmoja amempa mwenzake mgongo, na wakizungumza Fundi aliinua macho tu akamwona kiooni. Ukijumlisha saa zote walizokaa pamoja, nadhani alimtazama mkewe zaidi kwenye kioo kuliko ana kwa ana. Hilo ulishike, maana ndilo lililokuja kumtesa.

Yule mama alikuwa na jino la mbele lililovunjika tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hakucheka mbele za watu bila kuziba mdomo kwa kiganja. Subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, ikiwa bado kidoleni, kiganja chote kikifunika mdomo na nusu ya shavu. Mbele ya mumewe peke yake ndipo aliposahau mkono. Alicheka wazi, kichwa nyuma, na shavuni pakazama kishimo kimoja. Kimoja tu, upande mmoja. Fundi alikuwa akimtania kwamba fundi aliyemuumba aliishiwa uzi kabla ya kumaliza upande wa pili.

Siku ya picha ya kitambulisho walikwenda pamoja kwa Tulia. Huyu Tulia ni mpiga picha wa mtaa wa pili, na aliitwa hivyo kwa sababu tangu ujana wake aliwaambia watu hilo neno moja: tulia. Fundi alisimama nje ya pazia amemshikia mkewe mkoba, akasikia sauti ya Tulia ndani:

"Shusha mkono, mama. Haya, tulia. Usicheke."

Pazia likatikisika.

"Mama, nimesema usicheke! Hawa watu hawataki meno."

Halafu kicheko cha Tulia mwenyewe. "Sasa na mimi umeniambukiza. Haya, fikiria msiba."

Akafikiria msiba, akapigwa. Ndiyo picha ya ukutani. Uso umenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, midomo imebana, mashavu yamelala. Mtu akiitazama atajua mama huyu alikuwa na pua na macho. Zaidi ya hapo hatajua kitu.

Fundi alikuwa na kamera yake ya zamani, ya chuma, ya kutumia mkanda. Aliachiwa na mteja aliyehamia mbali. Ngozi yake ya nje ilipobanduka, Fundi alikata kipande cha kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye suti ya mtu akakibandika kwa gundi, kikakaa vizuri kama kimezaliwa hapo. Miaka mingi aliitumia kupiga nguo tu, suti na magauni aliyoyamaliza, abandike picha ukutani wateja wachague mshono. Mkanda ukiisha alimpelekea Tulia, Tulia akausafisha na kumwekea mwingine, kila mara akimwambia: "Hakikisha ulimi wa mkanda, hii ncha yake, umeshika kwenye roda ya kuuvuta. Usiposhika, utapiga hewa." Fundi alikubali kwa kichwa bila kusikiliza, maana si yeye aliyeuweka.

Mkanda wa mwisho aliuweka mwenyewe. Tulia alikuwa mgonjwa wiki hiyo, studio imefungwa, na Fundi hakuona sababu ya kumngoja. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila hata kutazama atashindwa na mkanda? Akauingiza, akafunga kifuniko, akazungusha leva kwa kidole gumba. Kwenye kidirisha kidogo cha juu namba ikasogea. Akaridhika.

Na mkanda huo aliamua kuwa wa mkewe peke yake, si wa suti ya mtu. Wateja wakiondoka alirudisha upande mmoja wa mlango, akageuka kwenye kiti na kumpiga pale pale kigodani, mkono umeshuka, meno nje, kishimo mahali pake. Picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ilichukua karibu mwaka, kwa sababu alikuwa bahili wa mkanda.

"Peleka basi zikasafishwe tuzione," mkewe akamwambia zilipofika thelathini na moja kati ya thelathini na sita.

"Bado tano."

"Hizo tano utapiga nini?"

"Siku ikifika nitajua."

"Wewe bwana, utazikwa na tano zako."

Akacheka. Hakupiga, akiona anacheka kila siku. Baada ya mvua mkewe akashikwa na homa, ikamchukua kwa siku kumi na moja. Siku ya saba Fundi aliitoa kamera sandukuni, akaishika, akaona haya kumpiga mtu amelala vile, akairudisha. Kidirishani ilikuwa thelathini na moja.

Baada ya mazishi hakulifungua sanduku. Wanaojua watamwelewa. Alijua kamera imo ndani na mkewe yumo ndani ya kamera, akicheka, na hilo lilimtosha. Lilikuwa kama akiba. Miaka minne ikapita hivyo.

Ndipo siku moja alikuja binti mmoja kujaribu gauni. Akajigeuza mbele ya kioo, akapenda alichokiona, akacheka, na shavuni mwake pakazama kishimo. Fundi alikuwa amepiga magoti anapima upindo, pini mdomoni. Akajiambia: cha mke wangu kilikuwa kushoto. Halafu akajiuliza: kushoto kwa kiooni au kushoto kwa mwilini? Akafumba macho amwone. Alimwona, akamwona waziwazi, kishimo kushoto. Akafumba tena, kikawa kulia. Binti akasema, "Mzee, umelala?" Fundi akatoa pini mdomoni, akaanza kupima upindo upya.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alikwenda kwa mama muuza mkaa, jirani wa miaka mingi, akamuuliza kwa kuzungukazunguka.

"Kishimo?" mama wa mkaa akashangaa. "Marehemu alikuwa na kishimo?"

"Shavuni. Alipocheka."

"Mimi kwenye kucheka kwake nakumbuka subana tu, Fundi. Ilikuwa iking'aa."

Akamuuliza shemeji yake, dada wa marehemu, yeye aliyekaa naye utotoni kabla ya jino kuvunjika. Shemeji akasema kulia. Akaondoka, akarudi kutoka kituoni kumwambia, hapana, aliyekuwa nacho kulia ni mama yao, marehemu labda kushoto, lakini asimshikilie kwa neno hilo.

Basi Fundi akalifungua sanduku. Mlikuwa na kanga za mkewe, mikasi ya zamani, kopo la vifungo. Kamera haikuwamo.

"Shemeji," alimwambia kwenye simu, "siku zile za msiba ulizokuja kunifanyia usafi, ile kamera uliiweka wapi?"

Upande wa pili sufuria ikawekwa chini.

"Shemeji?"

"Ile mbovu yenye kiraka?"

"Haikuwa mbovu."

"Shemeji, mimi niliona chuma tu. Alipita yule muuza mabeseni na mkokoteni wake, anayebadilisha kwa vitu vya zamani. Nikaona nyumba haina beseni la maana, watu wanakuja, wanaoga kwa ndoo..."

Fundi akageuza kichwa akalitazama beseni. Lilikuwa uani, la bluu, ukingo umepasuka kidogo. Miaka minne alikuwa akiogea ndani yake kila asubuhi.

"Ni zuri," alisema mwishowe. "Halivuji." Na akakata simu, maana shemeji alikwisha kuanza kulia na hakuwa na kosa lolote.

Ndivyo alivyoanza kutafuta. Muuza mabeseni alikuwa hakumbuki mambo ya jana, sembuse ya miaka minne. Alisema tu vitu vyake huishia sokoni kwa wauza mitumba ya vyombo. Huko Fundi hakusema anatafuta ya kwake, wasije wakamwona anadai mali ya wizi au wakapandisha bei. Alisema anataka kamera ya zamani, ya mkanda, rahisi, inayofanya kazi.

Lo! Akakuta zimekuwa lulu. Vijana wa mjini wamezirudia, wanazivaa shingoni.

"Mzee, hii ni antiki," muuzaji wa kwanza alimwambia. "Hata ikifa unaiweka sebuleni, wageni wanakuheshimu."

"Sina wageni. Inafanya kazi?"

Hapo ndipo penye balaa. Kuna namna moja tu wauzaji wote wanayoijua ya kuonyesha kamera ni nzima. Wanafungua kifuniko cha nyuma, wanaielekeza kwenye jua, wanabonyeza, na wewe unaona mwanga unapita kufumba na kufumbua. Mkanda ukiwamo ndani na jua likaingia, umekwisha, kila kilichokuwa juu yake kimekufa. Kabla Fundi hajaona kama kuna kiraka cha kijivu, kidole cha mtu kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kifuniko.

"Usifungue!"

Muuzaji aliruka. "Kuna nyoka?"

"Nipe kwanza niitazame."

"Bila kufungua utajuaje ni nzima?"

"Nataka nisijue."

Walicheka, na baada ya wiki mbili soko zima lilimfahamu. Akitokea tu kwenye kona mmoja anapaza sauti, "Mzee Usifungue huyo! Ficheni masufuria!" Mwingine anashika mfuniko wa birika, anauinua polepole akimtazama. Fundi alitabasamu, alikuwa mtu wa kutaniwa. Lakini akifika nyumbani alikaa mbele ya cherehani bila kuwasha taa, akajaribu upya: kushoto, kulia. Kila alipojaribu, uso wenyewe ulififia kidogo, kama kitambaa kinachofuliwa mno. Akaanza kuogopa kumkumbuka, asije akammaliza.

Aliziona kamera kumi na nne. Nyingine zilikuwa zimefunguliwa mbele yake, naye akashika kichwa hadi alipoona ngozi nyeusi tupu isiyo na kiraka. Moja ilikuwa na kiraka, cha plasta ya kidonda. Akachoka. Alikwisha kujiambia Jumamosi ile ni ya mwisho, atanunua kitambaa cha mfuko aende zake, na alipokuwa akiruka handaki kiatu kikang'oka soli. Akaingia kibanda cha karibu kuomba gundi. Kilikuwa kibanda cha fundi redio.

Juu ya meza, katikati ya waya na spika zilizotobolewa, palikuwa na rundo la karatasi za risiti, na juu ya karatasi zisipeperuke pamewekwa kamera. Kitambaa cha kijivu. Mkato wa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," Fundi alisema, "hiyo kamera... huwa unaifungua?"

"Hii? Nilijaribu siku moja nitoe skrubu, sikuona inafunguliwa wapi. Hawa wa zamani walikuwa wachoyo. Nikaifanya jiwe."

"Usifungue."

"Ahaa!" Fundi redio akapiga makofi. "Kumbe ndiye wewe!"

Fundi aliinama akakitazama kidirisha. Alijua, Tulia alikwisha kumfundisha: kamera ile ikifunguliwa, namba hurudi mwanzo. Alifuta vumbi kwa kidole. Thelathini na moja.

Akakaa kwenye betri ya gari. Yule kijana akaacha utani, akamletea maji. Alipoambiwa kisa alisema hataki bei kubwa, amshonee suruali moja ya kazi yenye mifuko mingi, basi. Fundi akampima pale pale kwa waya wa spika. Aliondoka na kamera kifuani ndani ya shati, soli ikipiga kofi kila hatua, akasahau gundi.

Kwa Tulia alifika asubuhi ya Jumatatu. Studio ilikuwa imebaki nusu. Upande mmoja kompyuta na mashine ya nakala, upande wa pili lile pazia la zamani. Dawa za kusafishia alikuwa nazo kidogo, kwa ajili ya hao vijana wa kuvaa kamera shingoni. Tulia aliisikiliza habari yote bila kumkatiza, akavaa miwani, akaitazama namba, akatingisha kichwa kwa furaha.

"Fundi, wewe ni mwendawazimu, lakini ni mwendawazimu wangu. Ngoja tuurudishe mkanda ndani ya kopo lake, halafu niingie gizani."

Akainua kile kimkono kidogo cha pembeni, akaanza kukizungusha. Picha thelathini na moja ni mizunguko mingi, mkono unasikia mkanda ukivuta, ukikwaruza. Tulia alizungusha mara moja. Mara ya pili kikawa chepesi, kinazunguka bure kama pangaboi. Akasimama. Akazungusha tena taratibu, sikio limekaribia.

"Huu mkanda aliuweka nani?"

"Mimi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mgonjwa."

Tulia akakirudisha kimkono mahali pake. Angeweza kusema pale pale, alikwisha kujua, lakini nadhani alikosa moyo. Akaingia gizani, akakaa humo karibu saa nzima, akausafisha mkanda ule kwa dawa zake chache kama unaosafishwa kwa harusi. Fundi aliketi kwenye benchi ya wateja, mikono juu ya magoti, amechana nywele.

Tulia alitoka ameubeba kwa ncha za vidole, mrefu, unadondosha maji. Akaubana dirishani kwa kibanio. Jua lilipita ndani yake kama linavyopita kwenye kioo kilichofutwa. Hapakuwa na kigoda, wala mlango, wala mtu. Ulikuwa mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Jua limeingia?" Fundi aliuliza.

"Jua lingeingia ungekuwa mweusi. Huu haujaona kitu. Ulimi haukushika, Fundi. Namba ilikuwa inahesabu leva yako tu. Mkanda ulikaa ndani ya kopo siku zote hizo. Hukumpiga hata moja."

Fundi alisogea akaupitia mkanda wote kwa macho, kipande kwa kipande, kama anayekagua mshono, akauinamia hadi pua ikakaribia kulowa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Zile mara zote alizogeuka kwenye kiti, ule mlio wa kamera, mkewe akisema, "Hiyo umenipata vibaya, rudia," naye akirudia.

Nje alikuja mteja, akaulizia picha za pasipoti, akaambiwa angoje. Fundi akakaa tena kwenye benchi. Kutoka hapo alikuwa akitazamana na pazia, na ndipo lilipomjia. Mama wa mkaa aliiona subana. Shemeji alimchanganya na mama yao. Yeye mwenyewe aliona kioo, kile cha ukutani na hiki cha kamera. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemtazama yule mama ana kwa ana, bila kioo katikati, mkono umeshuka, na akacheka. Na mtu huyo kazi yake ilikuwa kutazama nyuso.

Alimuuliza siku ile ile. Tulia alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa, akaivua tena akaifuta, akatazama pazia, mwishowe akamwita mteja aingie. Wiki ya pili Fundi akapita kumuuliza tena, Tulia akainama kwenye mashine ya nakala kana kwamba karatasi imekwama. Mwaka uliofuata Tulia naye akafariki, studio ikageuzwa duka la vocha. Fundi hadi leo, akiwa anashona na chumba kikiwa tupu, husimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, huinua macho kiooni penye kigoda kisicho na mtu, na huliuliza lile swali kwa sauti ile ile ya upole aliyomuulizia Tulia:

"Ulipomwambia asicheke, alikuwa anacheka, na wewe ulikuwa unamtazama. Kishimo kilikuwa upande gani?"